Chagua Mwenyewe Kitakachovunjika

Chini ya kiti cha pikipiki yako, karibu na betri, kuna kijisanduku cha plastiki chenye fyuzi. Ndani ya fyuzi mna uzi mwembamba wenye kazi moja tu: kukatika. Waya uliochubuka ukigusa fremu, umeme hupita kwa wingi kuliko kawaida, ule uzi unayeyuka, pikipiki inazimika, na nyaya nyingine zote zinabaki salama. Fyuzi ikikatika njiani, wengi huziba pengo kwa kipande cha waya wa shaba, wengine kwa msumari. Pikipiki inawaka tena, safari inaendelea, na siku waya ule uliochubuka utakapogusa fremu kwa mara ya pili utaungua mtandao mzima wa nyaya pamoja na kile kiboksi cha kuwashia plagi. Nimeanza na fyuzi kwa sababu kila kipuri unachotaka kuongeza, iwe amotisa nzito, keria ya nondo, cheni pana au taa kubwa, kinafanya kazi kama msumari ule usipokichunguza. Pigo la barabara haliishi kwa kuwa umefunga chuma kinene. Linahamia kwenye chuma cha jirani. Basi kabla hujatoa pesa, jiulize pigo hilo litahamia wapi, na huko litakakokwenda kuna kitu cha bei gani.

Swali hili lina uzito wa pekee kati ya Kasongo, Wamaza na Kabambare, huku Kongo ya mashariki. Barabara ni ya udongo mwekundu: kiangazi unageuka vumbi linaloingia kila tundu, na mvua zikianza mwezi wa 10 hivi unakuwa utelezi na mifereji mirefu inayoshika gurudumu na kulipeleka inakotaka yenyewe. Vipuri vilivyoko madukani vimetoka mbali sana. Vingine vilishushwa bandarini Dar es Salaam, vikavuka Ziwa Tanganyika hadi Uvira, Baraka au Kalemie, vingine vilipitia Bukavu, kisha vikaletwa ndani kwa shida zilezile za barabara unayoijua. Kwa hiyo kipuri bora kwako ni kile ambacho kikifa karibu na Wamaza kitabadilishwa hapohapo, kwa spana zilizo ndani ya mkoba wako, na fundi wa kijijini asiye na mashine yoyote ila mikono na nyundo. Kipuri kingine, hata kiwe kimesifiwa na dunia nzima, kitakulaza njiani.

Tuanze nyuma ya pikipiki, maana huko ndiko pesa nyingi hupotea. TVS HLX na Bajaj Boxer, hizi za Kihindi ambazo ndizo farasi wa kazi wa Kongo ya mashariki, zilichorwa kuwa pikipiki za barabara za kawaida, na sisi tunazitaka ziwe za porini. Jambo la kwanza ambalo dereva hufanya ni kubadilisha amotisa mbili za nyuma afunge zenye springi ngumu zaidi, au aongeze springi ndani ya springi. Akipakia magunia mawili ya mchele, pikipiki haikai chini tena, naye anaona amefaulu. Lakini fikiria springi inafanya nini. Gurudumu likianguka shimoni, springi laini hujikunja, nguvu ya kishindo inatumika humo, na kinachofika kwenye fremu ni mabaki. Springi ngumu isiyojikunja hupitisha kishindo kizimakizima hadi pale amotisa iliposhikwa kwa juu, kwenye bomba jembamba la fremu chini ya kiti. Baada ya miezi kadhaa unaona mstari mwembamba wa kutu kando ya maunganisho. Huo ni ufa. Amotisa ingekufa ungeibadilisha kwa nati nne. Fremu ikikatika unahitaji kuvua tangi, kiti na nyaya, na umtafute mchomeleaji mwenye jenereta.

Kosa la pili linazaliwa na la kwanza: dereva anachomelea chuma kinene juu ya ufa. Joto la kuchomelea hubadilisha chuma cha bomba kando ya mshono, na pale chuma kinene kinapokutana na chembamba ndipo kishindo kinapotua sasa. Fremu hukatika tena, sentimita chache mbele ya ilipokatika mwanzo. Ikibidi kuchomelea, kwanza ondoa nyaya za betri na ufungue kile kiboksi cha kuwashia plagi. Toboa tundu dogo mwishoni mwa ufa ili usiendelee kutambaa, kisha funika kwa kibati chenye unene unaolingana na bomba lenyewe, kilichokatwa ncha kama jani ili nguvu iishe polepole badala ya kusimama ghafla ukingoni. Afadhali hata hivyo usifike huko. Ukitaka amotisa imara, nunua zinazofanana kwa urefu na zilizotoka kiwandani, zenye springi ngumu kidogo tu, na ubadilishe vipira vya pale juu na chini kila vinapopasuka. Vipira hivyo ni vya bei ndogo kuliko karibu kila kitu kwenye pikipiki, na ndivyo vinavyopaswa kufa kwanza.

Najua utakavyonijibu: mzigo ndiyo riziki, na pikipiki isiyobeba haina faida. Ni kweli, na kwa hiyo tuangalie mzigo unakaa wapi kabla ya kuangalia chuma kinachoubeba. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, pikipiki hizi zina takriban sentimita 125. Ukifunga kilo 40 mkiani, sentimita 30 nyuma ya ekseli ya nyuma, mzigo huo unageuka mti wa kunyanyulia: unaondoa karibu kilo 10 kwenye gurudumu la mbele. Ndiyo maana usukani unakuwa mwepesi kwenye mlima na gurudumu la mbele halishiki njia. Dumu la lita 20 la mawese lina karibu kilo 18; mawili yakikaa ubavuni, mbele ya ekseli ya nyuma, pikipiki inatulia kuliko yangepangwa mkiani, na wala hukuongeza chuma chochote. Basi keria yako iwe fupi kwa nyuma na pana kwa ubavu. Usiichomelee kwenye fremu. Ifunge kwa bolti za kipimo cha 8 kwenye matundu yaliyopo, ili siku pikipiki inapoanguka na mzigo wake ikatike bolti, nawe uwe na bolti nne za akiba mfukoni.

Kwenye cheni hoja inakuwa nzuri zaidi kwa sababu inahesabika. Ukitaka nguvu ya kupanda mlima, watu watakushauri ufunge pinyo ndogo mbele. Tuseme pikipiki yako ina pinyo ya meno 14 na kurone ya nyuma ya meno 42: injini inazungusha pinyo mara 3 gurudumu lizunguke mara moja. Ukiweka pinyo ya meno 13, hesabu inakuwa 3.23, yaani karibu asilimia 8 ya nguvu ya ziada gurudumuni, na kasi ya juu inapungua kwa kiasi hichohicho. Ukiacha pinyo na kuweka kurone ya meno 45, unapata 3.21, karibu sawasawa. Tofauti iko kwenye kinacholika. Pinyo ndogo huikunja cheni kwa pembe kali zaidi na kila jino hufanya kazi mara nyingi zaidi, kwa hiyo cheni na pinyo huisha mapema. Kurone kubwa ni ghali na huenda cheni ikahitaji pingili mbili zaidi, ila vyote vitatu vinadumu. Mwenye kubeba mizigo milimani kila siku namshauri kurone. Anayetaka kujaribu tu kwa majira ya mvua aweke pinyo, kwani ni rahisi kuirudisha. Katika hali zote mbili inayofaidika zaidi ni klachi, ambayo kwa kawaida ndiyo inayoungua dereva anapoishikilia nusu ili apande kilima na abiria wawili.

Cheni yenyewe, nyingi ya pikipiki hizi hutumia namba 428. Kuna cheni zenye vipete vya mpira ndani vinavyofunga grisi, nazo hudumu vizuri kwenye matope. Mimi bado nachagua cheni ya kawaida iliyo nene, ile yenye herufi H baada ya namba, kwa sababu pingili yake ya akiba inapatikana kwa kila muuza vipuri, na kwa sababu kinachookoa cheni ni kuifunika. Yamaha walipotengeneza AG100 kwa ajili ya wakulima, pikipiki ambayo misheni na mashirika mengi ya Afrika yaliitumia kwa miaka mingi, waliifungia cheni yote ndani ya sanduku. Hawakutegemea cheni ya ajabu. Pikipiki nyingi za Kihindi huja na sanduku kama hilo, na kazi ya kwanza ya wenye haraka ni kulitupa kwa sababu linapiga kelele. Wanasema pia linahifadhi matope. Ni kweli likiachwa bila kuoshwa. Lioshe, toboa tundu chini maji yatoke, kaza bolti zake kwa vipande vya mpira, na liache mahali pake. Pima cheni kwa rula: pingili 20 za cheni mpya ni milimita 254, na zikifika 259 cheni imekwisha, hata kama bado inang'aa. Kaza cheni mzigo ukiwa juu, kamwe usikaze pikipiki ikiwa tupu. Mwambie mtu akae, mwingine akae nyuma yake, wewe piga magoti usukume cheni ya chini kwa kidole: ekseli ya nyuma inapopanda hadi kukaa mstari mmoja na pinyo, cheni inafika mwisho wa kukaza, na hapo lazima ibaki ikicheza walau upana wa kidole. Cheni iliyokazwa kama uzi wa gitaa huvuta mhimili wa pinyo, inaharibu beringi iliyo ndani ya injini, oili inaanza kuvuja kando ya pinyo, na wewe unafikiri tatizo ni oili.

Matairi yanahitaji maneno machache na pesa nyingi. Tairi yenye vipande vikubwa vilivyoachana, hasa ya mbele, inabadilisha pikipiki kuliko kitu kingine chochote utakachonunua, kwa sababu matope yanapata pa kutokea. Lakini tairi hiyo haina kazi ikiwa gadi ya matope imekaa chini karibu nayo: udongo mwekundu uliolowa hujaa katikati, unakauka kama tofali, gurudumu linakwama. Pandisha gadi ya mbele kwa vipande vya chuma na bolti ndefu, au fungia gadi ya plastiki ya juu kama ya pikipiki za mashindano ya porini. Baki na rimu za spoki. Rimu ya kumimina ikipasuka haina dawa, ilhali spoki hunyooshwa na kwado (fundi wa matairi) yeyote kando ya njia. Baki pia na mpira wa ndani. Na kwa kuwa HLX na Boxer nyingi zina inchi 17 mbele na nyuma, mpira mmoja wa akiba wa 2.75/3.00-17 unafaa magurudumu yote mawili. Ni faida isiyotangazwa na mtu, nayo ni kubwa.

Hapo ndipo ninapotakiwa kulijibu pingamizi zito kuliko yote: kwa nini kuhangaika na pikipiki ya barabara, badala ya kununua ile iliyozaliwa kwa lami na porini? Tangu Yamaha walipotoa DT-1 mwaka 1968, pikipiki za namna hiyo zimethibitisha ubora wake: amotisa ndefu, injini iliyo juu kutoka ardhini na, kwa nyingi, gurudumu la mbele la inchi 21 linalopita juu ya shimo ambalo la inchi 17 linatumbukia. DT125 ya mashirika mwendo wake porini hauna ubishi. Mwenye kuendesha peke yake, mwenye ofisi inayomletea vipuri kutoka Bukavu, na anunue. Mbeba abiria na mizigo hali yake ni nyingine. Kiti kiko juu, na miguu ya mwenye mzigo lazima ifike chini kwenye utelezi. Mpira wa inchi 21 mbele na wa inchi 18 nyuma ni mipira miwili tofauti ya kutafuta. Injini yake ya kuchanganya oili na petroli inataka oili yake, na kadhafi, yule muuzaji wa mafuta wa kando ya njia, ana petroli tu. Ubora ule upo, ila unategemea duka lililo mbali, na nimekwisha sema kipimo changu ni kipi.

Maji na vumbi vinaingia mlango mmoja, nao ni kichujio cha hewa. Kukitoa ili injini ipumue na ipate nguvu ni kumeza mchanga: vumbi hukwangua silinda na ringi, na moshi wa buluu unafuata. Kama sanduku la kichujio linaruhusu, weka sponji iliyopakwa oili, ambayo unaiosha kwa sabuni na kuitumia tena. Kichujio cha karatasi kikilowa kimekufa. Kwenye vijito, na kwenye kuingiza pikipiki mtumbwini kuvuka Luama au Lualaba, cha kuongeza ni mipira miwili tu: ile midogo ya kupumulia ya kabureta na ya injini, irefushwe hadi chini ya tangi. Injini ikizimika ndani ya maji usipige kiki. Maji hayakandamiziki, na kiki moja kwa hasira inaweza kuharibu injini. Fungua plagi, lalisha pikipiki, piga kiki taratibu hadi maji yaruke nje, halafu tazama oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, ibadilishe kabla ya kuwasha.

Kwenye usukani kuna kazi ndogo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inaonyesha hoja yangu ilivyo. Pikipiki ikianguka, mkono wa klachi au wa breki hugonga ardhi na kukatika. Wengine hufunga vyuma vya kukinga mikono, navyo kwa kushikwa imara mno hupinda usukani. Badala yake, legeza pingu inayoshika mkono wa klachi, kata ukanda wa upana wa sentimita 3 kutoka mpira wa ndani wa zamani, uzungushe mara moja kwenye bomba la usukani, kisha urudishe pingu juu ya mpira huo na uikaze kiasi ambacho haitazunguka ukiiminya kwa vidole, lakini itazunguka ukiisukuma kwa kiganja. Sasa pikipiki ikianguka, pingu nzima inageuka na mkono unabaki. Unainua pikipiki, unairudisha pingu mahali pake, unaendelea. Pitisha pia waya wa akiba wa klachi sambamba na unaotumika, ncha zake zikiwa zimefungwa mpira. Siku ule wa kwanza utakapokatika hutavua tangi.

Chini ya injini funga bamba la chuma la milimita 3, lenye tundu la kufikia nati ya kutolea oili, lishikwe kwa bolti nyembamba na vipande vya mpira ili likigonga jiwe zikatike bolti. Kwenye magurudumu, ukibadilisha beringi soma namba kwenye ile ya zamani, kwa mfano 6301 au 6202. Namba hizo ni za dunia nzima, kwa hiyo usikatae beringi kwa sababu tu haikuandikwa jina la pikipiki yako. Tafuta iliyoandikwa 2RS, yenye vifuniko vya mpira pande zote mbili. Ile ya ZZ ina vifuniko vya chuma na hupitisha maji ya matope. Taa ongeza moja ndogo ya LED, si zaidi: umeme wa pikipiki ndogo ni kidogo, taa kubwa mbili huinyonya betri, na asubuhi swichi ya kuwashia itakuwa kimya. Kiki usiitoe kamwe.

Kuhusu vipuri vya bandia, watu husema hapa kwetu havikwepeki, basi kuchagua ni kazi bure. Sikubaliani. Jina kwenye boksi linadanganya, lakini chuma kinapimika. Beba tupa ndogo dukani, omba kuikwaruza pembeni mwa jino moja la kurone: jino lililogumishwa vizuri litaitelezesha tupa, laini litatoa unga. Shika cheni mpya kwa ubavu, kama unanyoosha fimbo. Ikilegea na kushuka sana, pini zake zimelegea tangu kiwandani. Zungusha beringi sikioni. Muuzaji anayekukataza kupima amekwisha kukujibu.

Linabaki suala la mwenye pikipiki. Madereva wengi huendesha ya mtu na kumlipa mwenyewe fedha yake, vesema, kila jioni, na wanauliza kwa nini watengeneze mali isiyo yao. Ndiyo sababu nyingine ya kupendelea bolti kuliko kuchomelea: keria, bamba, gadi na taa vilivyofungwa kwa bolti unaweza kuvivua na kuondoka navyo. Vinavyobaki, yaani kurone, matairi na amotisa, keti na mwenye pikipiki kabla ya kuvinunua. Vile vya zamani vitie guniani umwekee nyumbani kwake, andikeni kwenye daftari tarehe, kilomita na nani amelipa kiasi gani, na kila mmoja abaki na nakala.